Frasila mbili za pembe, piano 45

Bibi zetu wa pwani waliijua merikani: pamba nyeupe isiyotiwa rangi, nzito, ya kudumu, ya mashuka na nguo za kazi. Jina limetokana na ilikotoka, viwanda vya Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Meli zilizoileta hazikurudi tupu. Zilibeba sandarusi, ngozi, na juu ya yote pembe za ndovu. Ng'ambo ya pili, katika jimbo jirani la Connecticut, pana kijiji kiitwacho Ivoryton, yaani Mji wa Pembe. Sisi tumebaki na jina la nguo yao, wao wamebaki na jina la pembe zetu.

Kisa ninachokichambua ni cha Ivoryton na jirani yake Deep River, vijiji viwili ambavyo kwa zaidi ya miaka 100 viliishi kwa kukata pembe ziwe vibonyezo vya piano. Nimekichagua kwa sababu biashara ya pembe kwetu husimuliwa ikaishia forodhani Unguja, mzigo unapopandishwa melini. Ilikokwenda, na kilichofanywa nayo huko, hatuambiwi. Lipo pia swali ambalo limenikaa rohoni tangu nianze kufuatilia habari hizi: mwanzoni mwa karne ya 20 piano ilianza kujipiga yenyewe, bila vidole vya mtu. Kwa nini basi iliendelea kuhitaji pembe?

Mashine ilitangulia muziki

Mwishoni mwa karne ya 18, katika bonde la mto Connecticut, fundi aitwaye Phineas Pratt alibuni mashine ya kukata meno ya vitana vya pembe. Kabla yake kila jino lilikatwa kwa msumeno wa mkono, moja baada ya jingine. Mashine ikafanya kitana cha pembe kuwa bidhaa ya duka la kawaida. Kufikia miaka ya 1840 ujuzi uleule, wa kuipasua pembe iwe vipande vyembamba vinavyolingana bila kuivunja, ulikuwa umehamia kwenye piano. Mwaka 1863 karakana tatu ziliungana zikawa Pratt, Read & Co., makao yake Deep River. Kilomita chache kutoka hapo Samuel Merritt Comstock alijenga kiwanda chake, na mwenzake George A. Cheney alipoingia ikawa Comstock, Cheney & Co. Kampuni hizi mbili ndizo zilizopokea sehemu kubwa ya pembe zilizoingia Marekani kwa ajili ya piano.

Tumezoea kusema muziki wa Wazungu ulihitaji pembe, kisha viwanda vikajengwa kutosheleza haja hiyo. Mpangilio wa miaka unaonyesha vingine. Mashine ya kukata pembe ilikuwepo kwanza, ikitafuta kazi. Piano ilikuwa kazi kubwa kuliko zote ilizopata.

Na msumeno ulivyozidi kuwa mwembamba ndivyo pembe moja ilivyotoa piano nyingi zaidi. Kwa hesabu ya viwandani, pembe nzuri ya ratili 75 ilitosha kufunika vibonyezo vya piano 45 hivi. Msomaji wa pwani atafanya hesabu yake haraka: ratili 75 ni frasila mbili na kidogo, mzigo wa mpagazi mmoja. Mtu angeweza kudhani kwamba ustadi huo wa kubana matumizi uliwapunguzia ndovu mauaji. Ulifanya kinyume. Kwa sababu pembe iliyoingia katika piano moja ilikuwa chache na rahisi, kila piano ya bei ya kawaida iliweza kuuzwa ikiwa na vibonyezo vya pembe halisi, sebuleni kwa karani, mwalimu au fundi seremala. Laiti pembe ingebaki ghali, ingebaki kwenye vinanda vya matajiri peke yao.

Zumari la Connecticut

Wazee husema zumari likipigwa Unguja, wachezao wako bara mpaka maziwani. Katika kisa hiki mpiga zumari alikuwa mbali zaidi.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Wamarekani walipewa ruhusa ya kufanya biashara, na ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa walizoingiza. Miaka minne baadaye konseli wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka mji wa Salem, alifika Unguja. Merikani ikasambaa mpaka ikawa kama fedha huku bara. Mtu alilipa hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi za watemi, kwa merikani, akalipa wapagazi kwa merikani, akanunulia pembe merikani.

Pembe zenyewe zilikuwa na majina. Buri ni pembe kubwa. Kalasha ni ndogo. Wafanyabiashara wa Unguja walizigawa tena kwa soko: bab Kachi za kwenda Kachi, India, ambako zilifanywa bangili za maharusi, na bab Ulaya za kwenda kwa Wazungu. Za piano zilitakiwa ziwe kubwa, zilizonyooka, na laini. Ulaini huo ndio uliozipa pembe za Afrika Mashariki heshima yake. Pembe za ndovu wa misitu ya magharibi ni ngumu, zinang'aa kama kioo na hupasuka kirahisi. Za mbuga zetu ni nyeupe kama maziwa, msumeno unazipenda. George Cheney aliyajua haya kwa macho yake. Kabla ya kuwa mwenye kiwanda aliishi Zanzibar takriban miaka kumi akinunua pembe, na aliporudi kwao alirudi na kitu ambacho washindani wake hawakuwa nacho: aliwafahamu wauzaji wa Unguja, na jicho lake lilikuwa limezoea mali yao.

Nyuma ya mnunuzi wa Kimarekani walikuwepo Wahindi wenye mitaji. Tharia Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Nyuma ya Tippu Tip ulikuwepo msafara, na ndani ya msafara mpagazi. Hapa inafaa kuwa mwangalifu. Maandishi mengi ya Wazungu wa karne ya 19 huwaonyesha wabeba pembe wote wakiwa watumwa wenye minyororo shingoni, mtumwa na pembe vikiuzwa pamoja pwani. Watumwa walikuwepo, na ukatili ulikuwepo, hasa Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambako pembe zilipatikana kwa bunduki na kwa kuteka watu wakombolewe kwa pembe. Lakini kwenye njia kuu ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, sehemu kubwa ya wapagazi walikuwa Wanyamwezi waliokwenda kwa ujira, wenye fahari na kazi yao, wenye nyimbo na taratibu zao, waliogoma pale walipopunjwa. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya kazi waliyoifanya.

Ndovu nao walikuwa wakirudi nyuma. Mwanzoni mwa karne ya 19 pembe zilipatikana si mbali na pwani. Kufikia miaka ya 1870 misafara ilikuwa imevuka Ziwa Tanganyika. Kila mwaka msafara ulikwenda mbali zaidi ya mwaka uliotangulia, na bei ya pembe Unguja iliendelea kupanda karne nzima.

Shemasi Read

Katika kisa chote hiki hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi.

George Read wa Deep River, mmoja wa waanzilishi wa biashara hiyo, alikuwa shemasi wa kanisa na mpinga utumwa. Mwaka 1828 alifika kijijini kijana aliyetoroka utumwani South Carolina. Read alimpokea, akampa kazi, akamsaidia kubadili jina lake, Daniel Fisher, akawa William Winters, ili wawindaji wa watumwa wasimpate. Winters aliishi Deep River maisha yake yote, na barabara ya kijiji imepewa jina lake.

Simwoni Read kuwa mnafiki. Alichomfanyia Winters kilikuwa cha hatari na cha kweli. Lakini mtu huyohuyo alipasua pembe ambazo baadhi zilipatikana kwa kuchoma vijiji na kuteka watu. Tofauti ilikuwa umbali. Winters aligonga mlango wa Read, akamwona uso. Mtu wa Manyema hakugonga mlango wowote Connecticut. Kilichofika ni pembe, imeoshwa, imepimwa, imeandikwa namba. Kati ya aliyeteka na aliyepasua palikuwa na mikono mingi, na kila mkono ulijua tu ule uliopakana nao.

Ndani ya kiwanda

Pembe ilipofika ilihifadhiwa mahali penye unyevu wa kadiri isije ikapasuka. Kwanza ilikatwa mapande mafupi kwa urefu wa kibonyezo. Fundi mkuu, mtu aliyelipwa vizuri kuliko wengi, alichora kwa penseli kwenye kila pande namna ya kulipasua ili kipotee kidogo kabisa. Kosa la penseli lilikuwa hasara ya fedha. Kisha misumeno ya duara, huku maji yakimwagika pembe isiungue, ikatoa vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu.

Piano ina vibonyezo 88. Vyeupe ni 52. Kila cheupe kilifunikwa kwa vipande viwili: kichwa kipana mbele, unapogusa kidole, na mkia mwembamba unaopita kati ya vile vyeusi. Vipande vya piano moja vilitakiwa vilingane rangi na mistari, kwa hiyo walikuwepo wafanyakazi, wengi wao wanawake, ambao kazi yao ilikuwa kutazama na kulinganisha tu.

Kabla ya hapo vipande vililowekwa kwenye haidrojeni peroksidi, kisha vikapangwa ndani ya nyumba ndefu za vioo, zilizoinama kuelekea jua, vikaanikwa wiki kadhaa mpaka vikawa vyeupe kabisa. Mpita njia angedhani ni vitalu vya mboga. Unga wa msumeno nao haukutupwa. Uliuzwa kuwa mbolea. Watu walipanda maua yao kwa unga wa ndovu wa Unyamwezi, na jambo hilo lilikuwa la kawaida kama sisi kumwaga majivu shambani.

Walioendesha mashine walitoka Poland, Italia, Ujerumani na Sweden. Kampuni iliwajengea nyumba, na mwaka 1911 Comstock, Cheney ikawajengea ukumbi wa starehe ambao leo ni jumba la maigizo.

Piano inayojipiga

Mwaka 1907 kijana aitwaye Ernst D. Moore alipelekwa Zanzibar na Arnold, Cheney & Co., kampuni ya New York iliyoagiza pembe. Alinunua pembe Zanzibar, Mombasa na Aden mpaka 1911. Mambo yalikuwa yamebadilika tangu siku za Cheney mzee. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Ziwa Nyanza mwaka 1901, na pembe zilishuka Mombasa kwa treni. Za Kongo zilikwenda Antwerp. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yalitia saini mkataba London wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, uliokataza pembe zilizopungua kilo 5. Soko la Unguja lilikuwa dogo kuliko zamani, ila mali bora bado ilipita hapo. Pembe za ndovu aliyeuawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1898 ziliuzwa Unguja. Kila moja inazidi ratili 200, na leo zimehifadhiwa London.

Moore alinunua wakati mahitaji yako kileleni. Mwaka 1909 Marekani ilitengeneza piano zaidi ya 360,000. Nimejaribu hesabu: kama zote zingefunikwa kwa pembe, na kila pembe itoe piano 45, ni pembe 8,000, ndovu 4,000, kwa mwaka mmoja wa nchi moja. Si hesabu kamili. Piano za rahisi kabisa zilifunikwa kwa seluloidi, aina ya plastiki ya mwanzo, jambo linalopunguza idadi. Na pembe nyingi hazikufika ratili 75, jambo linaloiongeza sana.

Wakati huohuo piano ilianza kujipiga. Edwin S. Votey alikuwa amebuni Pianola, na kampuni ya Aeolian ikaieneza. Mtu huketi, hukanyaga kanyagio mbili kwa zamu kama anayeendesha cherehani. Kanyagio huvuta mivukuto, mivukuto hufyonza hewa ndani ya piano. Roli ya karatasi yenye matundu hupita juu ya kipande cha shaba chenye vijitundu, kimoja kwa kila sauti. Tundu likikutana na tundu, hewa huingia, vali hufunguka, kivukuto kidogo husinyaa na kusukuma nyundo ipige uzi. Mwaka 1908 watengenezaji walikutana Buffalo wakakubaliana vipimo vya roli, upana wa inchi 11 na robo, ili roli ya kiwanda chochote iingie piano yoyote. Baada ya hapo biashara ilikimbia. Pratt, Read nao hawakukaa pembeni: walianzisha kampuni ya kutengeneza mitambo hiyo ya kujipiga. Kufikia 1923, zaidi ya nusu ya piano zilizotengenezwa Marekani zilikuwa za kujipiga.

Sasa narudi kwenye swali langu. Mpiga piano hodari atakuambia pembe ina faida: inanyonya jasho, haitelezi, haina baridi ya kioo. Hoja hiyo naikubali kwa anayepiga kwa vidole. Lakini mwenye piano ya kujipiga aliinunua kwa sababu hakujua kupiga. Alikanyaga kwa miguu. Vibonyezo vilishuka na kupanda vyenyewe mbele yake, na utamu wa kuvitazama vikicheza ulikuwa nusu ya starehe. Hakuna jasho la kunyonya. Na mbadala ulikuwepo: John Wesley Hyatt alitengeneza seluloidi mwaka 1869, baada ya watengenezaji wa mipira ya biliadi kutangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 40 watengenezaji wa piano walijua kwamba pembe si lazima.

Jibu ninaloliona ni kwamba pembe ilikuwa imeacha kuwa kifaa cha muziki ikawa hati ya heshima. Piano iliuzwa kwa mkopo, kulipa kidogo kidogo, kwa familia iliyotaka sebule yake ionekane sebule ya watu. Mnunuzi hakuweza kupima ubao wa sauti wala mvutano wa nyuzi. Pembe aliweza kuiona. Muuzaji alifungua kifuniko na weupe ule ulisema yote. Ndovu aliuawa kwa ajili ya dakika ile ya dukani. Hukumu hii ni yangu, na sioni namna nyingine ya kueleza vibonyezo vya pembe ambavyo hakuna kidole kilichovigusa.

Kilichoikomesha

Si huruma. Moore mwenyewe aliandika kitabu mwaka 1931, miaka 20 baada ya kuondoka, akieleza kwa uchungu damu iliyokuwa ndani ya biashara aliyoitumikia. Kufikia wakati huo biashara ilikuwa tayari imeanguka, na aliyeiangusha ni redio. Familia iliyotaka muziki bila kujifunza muziki ilipata kisanduku kidogo, cha bei ndogo, kisichohitaji hata kukanyagwa. Piano za kujipiga ndizo zilizokufa kwanza, maana zilimtegemea mnunuzi huyohuyo. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukamalizia. Mwaka 1932 piano zilizotengenezwa Marekani hazikufika hata moja ya kumi ya zile za 1909.

Mwaka 1936 mahasimu wa miaka mingi, Pratt, Read na Comstock, Cheney, waliungana, kazi ikahamia Ivoryton. Wakati wa Vita vya Pili walitengeneza ndege zisizo na injini za kubebea askari. Katika miaka ya 1950 pembe iliachwa, plastiki ikashika nafasi. Kiwanda cha Deep River leo ni nyumba za kuishi watu.

Kwetu mauaji ya ndovu hayakukoma pamoja na piano. Wanunuzi wengine walikuja. Julai 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe Nairobi, na mwaka huohuo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoomba biashara ya kimataifa ya pembe ipigwe marufuku, ikapigwa. Tangu hapo piano ya zamani yenye vibonyezo vya pembe haivuki mipaka bila vibali. Wengine huvibandua kabla ya kuisafirisha.

Ukikutana na piano kuukuu, shuleni, kanisani au katika ukumbi wa hoteli, inama utazame kibonyezo cheupe kwa karibu. Plastiki ni kipande kimoja. Pembe ina mstari mwembamba kama unywele pale kichwa kinapokutana na mkia, na ukiigeukia taa utaona nyuzinyuzi hafifu zikipita kwa urefu, kama za ubao. Hizo ni alama za ukuaji wa mnyama.